Mzee wa miaka 72 aendelee kuendesha? Mtazame akikata kulia

Mkuu, umeuliza kama umnyang'anye mzee wako wa miaka 72 funguo kwa vile juzi amekwangua bodaboda. Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Dar, na familia nyingi huniita nikae na wazee wao garini. Funguo ziache kwanza. Kaa naye mbele, umtazame akikata kulia pasipo na taa za kuongozea magari.

Kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo anayekata kulia lazima apime kasi ya gari linalomjia, aangalie wanaovuka kule anakoingia, na achungulie kioo asije akawa anaovatekiwa na bodaboda. Yote kwa mara moja. Kijana huponzwa na spidi na pupa. Mzee huenda taratibu na sheria anazijua, ila umakini wake haugawanyiki upesi kama zamani: akilikazia macho lori, bodaboda iliyo ubavuni mwa lori haimwingii akilini. Atakuapia kwamba aliangalia, na ni kweli aliangalia. Gari la spidi 50 linakula karibu mita 14 kwa sekunde, sasa piga hesabu ya kuchelewa kidogo tu.

Nilikaa na mzee mmoja Shekilango, dereva mstaafu wa malori, mikono yake kwenye usukani unaipenda. Lakini kila tukikaribia kona ya kuingia Sinza ndani alikuwa anakatisha maneno, na endiketa anaisahau. Binti yake nyuma akazidi kumuuliza habari za shamba, mzee akaingia mbele ya bajaji. Nikavuta breki ya mkono. Nilipomwomba binti anyamaze, kona zilizofuata mzee alizikata vizuri kabisa.

Kwa hiyo wakati wa kona hakuna stori, redio wala simu, hata ya spika. Achague njia yenye taa, au aende mbele akageukie kwenye kipilefti. Usiku apumzike, maana taa za full zikimpiga, macho ya umri huo huchelewa kurudi. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo aziulizie.

Ila akianza kupotea njia aliyoizoea, au kukanyaga mafuta akidhani ni breki, hapo gari lipaki siku hiyohiyo na umpeleke hospitali. Na umwambie mwenyewe, uso kwa uso. Kumfichia funguo mzazi ni kumvunjia heshima.