Maswali ya Wasomaji: Maji Maji, Kodi ya Nyumba na Mzee wa Kongwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma historia ya ukoloni pamoja na utangulizi wa sosholojia. Tumejibu tano.

Insha yangu kuhusu Vita vya Maji Maji, vile vya kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani kuanzia 1905, imerudi na alama 9 kati ya 20. Niliandika sababu saba, mwenendo wa vita na athari zake, kurasa sita nzima. Mhadhiri kaandika tu: "Maelezo mengi, hoja hakuna." Hoja anayoitaka ni ipi kama si hizo sababu saba? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ulichofanya ndicho ulichozoeshwa kidato cha sita, na kule kilikupa alama. Chuoni orodha ya sababu haihesabiwi kuwa hoja, kwa kuwa sababu saba zilizopangwa mstari mmoja hazisemi ipi ilikuwa na nguvu, mahali gani, na wakati gani.

Ichukue pamba, ambayo bila shaka uliiweka juu kabisa. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja. Watu wa kila jumbe (mkuu wa kijiji) walitolewa kulima kwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, wakisimamiwa na maakida, watawala wadogo walioteuliwa na Wajerumani, wakati mashamba yao ya chakula nayo yakiwataka. Malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuyapokea. Kwa Umatumbi, upande wa Kilwa, maelezo haya yanasimama vizuri: Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Lakini Septemba vita vilikuwa vimefika Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea, ambako mpango ule wa pamba haukuwapo. Sababu yako ya kwanza imekwama njiani.

Hapo ndipo hoja inapozaliwa. Kwa nini watu ambao hawakulimishwa pamba waliinuka? Wangoni walitiishwa na Wajerumani mwaka 1897, na wakuu wao waliokuwa wakiitawala dola ile walikuwa bado hai. Wahehe nao, waliolivunja jeshi la Zelewski kule Lugalo mwaka 1891 na kuendelea kupigana hadi kifo cha mtawala wao Mkwawa mwaka 1898, hawakujiunga, basi kumbukumbu ya kutiishwa peke yake nayo haitoshi. Tena Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeeneza dawa ya maji iliyoaminika kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na boma la Mahenge likashambuliwa tarehe 30 Agosti, yeye akiwa kaburini. Kwa hiyo huwezi kusema vita viliendeshwa kwa amri ya mtu mmoja.

Ukiyapima hayo utaweza kuandika sentensi kama hii: "Pamba iliwasha vita Umatumbi, lakini imani ya maji ndiyo iliyounganisha malalamiko ambayo kila eneo lilikuwa nayo kivyake." Mtu anaweza kuipinga sentensi hiyo kwa ushahidi, na hicho ndicho kipimo cha hoja. Sentensi isemayo "Vita vya Maji Maji vilikuwa na sababu nyingi" hakuna wa kuipinga, basi haina kazi. Andika sentensi yako kabla ya utangulizi. Katika insha ya maneno 1,500 una nafasi ya aya nne au tano za kiini. Kila moja ianze na dai linaloitetea sentensi hiyo, ndipo ushahidi ufuate. Aya moja ipe ushahidi unaokupinga. Wanafunzi wengi huuficha, na msahihishaji huutafuta kwanza.

Jambo jingine ni idadi ya vifo. Hesabu rasmi ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Makadirio ya wanahistoria wa baadaye yanafika 250,000 hadi 300,000. Ukiandika "watu 300,000 waliuawa vitani" umekosea mara mbili: umeyageuza makadirio kuwa hesabu, na umesahau kwamba wengi walikufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mazao na maghala. Sema ni takwimu ya nani, na wanaohesabiwa ni wa risasi au wa njaa pia.

Nikiwasoma waasisi wa sosholojia, Marx, Durkheim na Weber, mmoja mmoja naelewa. Nikiingia kwenye mtihani nawachanganya. Swali likisema "tumia mifano ya Afrika" naishia kutaja ndoa za wake wengi na ukoo. Nifanyeje? (Dada wa mwaka wa kwanza, Mwanza)

Dada, kumbukumbu yako haina kasoro. Unawasoma kama wasifu wa watu watatu, wakati mtihani unataka maswali matatu. Marx anauliza nani anamfanyia nani kazi, na kwa shinikizo gani. Weber anauliza kwa nini anayeamriwa anatii. Durkheim anauliza ni nini kinachowashikamanisha watu. Chagua jambo moja la kihistoria unalolijua vizuri, kisha uliulize maswali yote matatu. Tunakupa kodi ya nyumba, ile ambayo serikali ya Kijerumani iliwatoza wenyeji kwa kila nyumba, maana unaisoma tayari kwenye kozi ya pili na hutahitaji kukariri upya.

Amri yake ilitoka mwaka 1897 na makusanyo yakaanza 1898: kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini kwa mwaka. Kwa swali la Marx, angalia mtu mwenye shamba na chakula ambaye jana hakuhitaji fedha. Leo lazima azipate, ama kwa kuuza mazao ama kwa kuuza nguvu zake. Mashamba ya walowezi yalikuwa na njaa ya vibarua. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ikanusurika miche 62 tu, na kutokana nayo likaja zao lililotegemewa mno na Tanganyika. Wavunaji wake wengi walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba (mmoja wao huitwa namba), kutoka mbali: Uha, Ubena, hata Burundi na Rwanda. Wakati wa Waingereza wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya vibarua wa mkonge, mwaka 1944, kwa ajili ya kuwaandikisha. Wanafunzi wengi huishia hapo na kupata alama za katikati. Endelea hatua moja: namba hakuwa mfanyakazi asiye na kitu kabisa kama yule wa viwanda vya Ulaya. Alikuwa na shamba nyumbani, mkewe akililima na kulisha watoto, ndiyo maana mwajiri aliweza kumlipa ujira wa mtu mmoja asiye na familia. Hapo unamtumia Marx na papo hapo unamsahihisha, na alama za juu ziko hapo.

Kwa Weber, tazama aliyekuja kudai hizo rupia. Akida aliteuliwa, akalipwa, akapewa maagizo ya maandishi. Huyo anaelekea kwenye mamlaka ya kisheria. Mtawala wa ukoo ana mamlaka ya kimila. Kinjikitile, aliyefuatwa kwa kile watu walichoamini kimemshukia, ni mamlaka ya karama. Lakini hizo aina tatu ni vipimo vya kufikiria. Katika maisha huchanganyika. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilimlipa chifu mshahara wa serikali huku ikimtaka atawale kwa mila, na mahali pasipo na machifu wa namna hiyo walitengenezwa. Ukimweka chifu wa 1930 kwenye sanduku la "kimila" peke yake umeanguka.

Durkheim ndiye anayewaangusha wengi zaidi. Wanaandika kwamba Afrika ilikuwa na mshikamano wa kufanana na Ulaya mshikamano wa kugawana kazi, wakafunga ukurasa. Wamatumbi wa kabla ya 1905 walikuwa wakiuza mpira wa msituni na sandarusi (utomvu mgumu wa miti) pwani. Kijiji chao hakikuwa kisiwa. Afadhali umtumie kwenye ibada ya maji yenyewe: watu wasio wa ukoo mmoja, wasiotii mtawala mmoja, wanakunywa dawa moja na kujiona kundi moja.

Ukiwa na maswali manne kwa saa tatu, kila moja lina dakika 45. Tano za kupanga. Fafanua dhana kwa sentensi moja au mbili, onyesha inavyofanya kazi ndani ya mfano wako, kisha sema inaposhindwa. Kinachowapeleka watu kwenye sapu, mtihani wa marudio, ni kutumia kurasa mbili kueleza mwananadharia alizaliwa wapi na lini.

Binti yangu kapangiwa historia na sosholojia. Watu wananiambia hizo ni kozi za kukosa kazi. Nimshauri abadilishe? (Mama, Songea)

Mama, usimbadilishe kwa sababu ya maneno ya watu. Jambo la kujua mapema ni hili: shahada ya sanaa pekee haimfanyi kuwa mwalimu mwenye sifa, akitaka kufundisha atahitaji shahada yenye ualimu ndani yake, au stashahada ya uzamili ya ualimu baadaye. Milango mingine ni maendeleo ya jamii, makumbusho, kumbukumbu na nyaraka, na miradi ya utafiti. Mhimize ajifunze takwimu za msingi na kuandaa dodoso tangu mwaka wa kwanza. Wengi huzikimbia kozi hizo, na waajiri huziulizia.

Kikundi chetu kimepewa kazi ya kumhoji mzee kuhusu maisha chini ya Wajerumani. Tumempata babu wa Kongwa, aliyezaliwa 1938. Tuanzie wapi? (Wanafunzi watano, Dodoma)

Anzeni kwa kubadilisha mada, na mumwombe mhadhiri ruhusa mapema. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma Novemba 1917. Babu huyo hakuwaona. Atakachowapa ni masimulizi aliyorithi. Hayo yana thamani yake, ila ni ushahidi wa aina nyingine. Mna bahati kubwa msiyoiona: mpango wa karanga wa Waingereza ulifanyika hapo hapo Kongwa kuanzia 1947 ukaachwa 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Babu alikuwa na miaka tisa hadi kumi na mitatu. Matrekta, vibarua wageni, bei za chakula, nani alihamishwa: hayo aliyaona.

Nendeni wawili, msiwe watano. Umati humfanya mzee ahutubie. Mwelezeni kazi ni ya nini, ombeni idhini ya kurekodi na rekodini idhini yenyewe. Simu iwe katika hali ya ndege isije ikaita. Msimuulize "ilikuwa mwaka gani?" Muulize kama ilikuwa kabla ya jando lake au baada, kabla ya njaa fulani au baada, kisha tarehe mtazitafuta wenyewe. Kila anapotoa habari nzito, ulizeni kwa adabu: "Babu, hili uliliona au uliambiwa?" Andikeni jibu pembeni. Tengeni saa nne hadi sita za kuandika kila saa moja ya sauti, na mfanye siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla majina ya watu na vijiji hayajawapotea.

Naweza kutumia maandishi ya Kiswahili ya zamani kama chanzo, au mhadhiri atayakataa? (Msomaji, Mombasa)

Tumia. Vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vilivyoanza 1888, ambavyo kiongozi wake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, vina utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhry, na Maji Maji ina wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Gazeti la Mambo Leo lilitolewa na serikali ya Tanganyika tangu 1923. Kosa ni kunukuu beti kama pambo. Uliza mtunzi alikuwa wa wapi, alikuwa upande wa nani, aliandika muda gani baada ya tukio. Mambo Leo habari zake ni za serikali, lakini barua na mashairi ya wasomaji yanakuonyesha watu walibishana nini.

Ukitaka nyaraka, kwako Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Beba barua ya utambulisho ya chuo. Ukivuka hadi Nyaraka za Taifa za Tanzania, Dar es Salaam, usianze na majalada ya Kijerumani kwa insha ya wiki mbili: mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata anayejua Kijerumani huhitaji kujifunza kuisoma. Anza na vitabu vya wilaya, yaani kumbukumbu za maofisa wa wilaya, vya wakati wa Waingereza. Piga picha ya jalada la nje lenye namba kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, maana nukuu isiyo na namba ya jalada, ukurasa na tarehe haitakufaa wakati wa kuandika.