Sikiliza "Love & War & the Sea In Between" ya Josh Garrels

Umeuliza albamu ya Kikristo ya msanii anayejitegemea, inayosikilizika mwanzo mpaka mwisho, ukaongeza kwamba umechoka na kiitikio kimoja kinachorudiwa mpaka watu wakae chini wenyewe. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nijibu kwa kirefu, maana hata mimi lilinichosha.

Yangu ni hiyo hapo juu. Josh Garrels ni Mmarekani, na alipoitoa mwaka 2011 alikuwa akiishi Portland, Oregon. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake, na albamu yenyewe aliiachia bure mwaka mzima: unapakua, unasikiliza, hudaiwi na mtu. Mwaka ulipoisha, jarida la Christianity Today likaitaja kuwa albamu bora ya 2011. Keith Green, mwimbaji wa Kikristo wa Marekani, alishafanya jambo la namna hiyo mwaka 1980 na "So You Wanna Go Back to Egypt", akawaachia watu walipe walichoweza. Kwa hiyo wazo si geni, ila Green tayari alikuwa na jina.

Bure peke yake si sababu ya kumpendekezea mtu kitu. Sababu yangu ni kwamba huyu jamaa anaimba imani bila kuficha vidonda. Chukua "Farther Along". Kiitikio ni cha wimbo wa zamani wa makanisa ya Marekani, ule unaosema huko mbele tutakuja kuelewa yote, kwa hiyo jipe moyo ndugu yangu. Angeweza kuuimba kama ulivyo, akapiga makofi, akaondoka. Badala yake kaandika beti mpya, na ubeti wa kwanza tu anauliza mbona mwema anakufa na mwovu anastawi. Halafu, kabla hujapata nafasi ya kukubaliana naye, anasema Yesu analia kwa sababu anawapenda wote wawili. Hapo mimi husimamisha wimbo. Ni Zaburi ya 73 ile, ila Asafu, mtunzi wake, hakufika hapo pa kulia. Na beti zenyewe haziimbwi sawasawa, zinaenda nusu kuimba nusu kufoka kwa mtindo wa rap, juu ya gitaa linalodonolewa taratibu, kiasi kwamba kiitikio kinapoingia unakipokea kwa shukrani.

"Ulysses" nayo imejengwa juu ya kisa cha Wagiriki: baharia anayerudi kwa mkewe, nguva wanamwita kwa nyimbo zao, naye anaomba afungwe kwenye mlingoti ili chombo kimfikishe nyumbani hata kama yeye mwenyewe atataka kugeuza. Nimesikia mahubiri mengi juu ya majaribu na hakuna lililonikaa kama hilo ombi la kufungwa kamba. Mtu anayejiamini haombi kamba. Bahari iko kila mahali humu: kuna "Flood Waters", kuna "Sailor's Waltz", kuna "Pilot Me" ambayo ni sala ya mtu aliyeachia usukani.

Ninayoirudia kuliko zote ni "Bread & Wine", na si maarufu sana. Ni mtu anayekiri kwa rafiki kwamba alikosea kudhani anaweza kuishi peke yake, kisha anamwomba wakae wale mkate na divai. Ndani yake kuna Mithali 27:6, "Jeraha utiwazo na rafiki ni amini". Nyimbo za injili kuhusu Mungu na mimi zipo tele. Za kusuluhishana na rafiki ni za kuhesabu.

Sasa kasoro, usije ukasema nimekupamba. Nyimbo ni 18, zaidi ya saa moja, na katikati inalegea. "The Resistance", anapofoka dhidi ya mifumo ya dunia, wengine wanaipenda sana. Mimi naona inahubiri kuliko kuimba, ingawa mdundo wake ni mkali. Pia maneno yamebana mno. Ukiicheza huku unafanya mambo mengine itakupita kama redio ya jirani. Vaa spika za masikioni, fungua mashairi, na kama muda ni mdogo anza na hizo tatu nilizozieleza, kisha ndiyo urudi mwanzo.

Ukiipenda, nenda kwenye "Home" ya 2015. Hiyo ni tulivu zaidi, ya mtu aliyeshafika na kutulia. Na ipo filamu, "The Sea in Between", inayomwonyesha akipiga baadhi ya nyimbo hizi pamoja na wanamuziki wa Mason Jar Music kwenye kisiwa cha Mayne, Kanada. Ila isubiri kwanza. Sikiliza kabla hujaangalia, la sivyo kila wimbo utakuletea picha za wengine.