Re: Halmashauri imekatalia banda langu, nani wa kumshtakia?

Pole sana dada, ukisoma hivi mtu kapewa banda ulilolipia weye na kila ukenda wanakwambia njoo kesho, roho inauma. Umeuliza kama lazima wakili, hapana, kwanza jaribu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ile ilirithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu miaka ya 60, na Unguja na Pemba inafanya kazi vilevile. Kupeleka malalamiko hulipi hata shilingi, unaandika au unaeleza kwa mdomo wao wanaandika.

Sasa skiza, wao si mahkama. Hawamfungi mtu, wanachofanya ni kuwaita wale maofisa waeleze kwa nini wameamua vile na kutaka mafaili, halafu wanatoa mapendekezo, yakipuuzwa wanaweza kwenda mahkamani wenyewe. Kesi ikiwa tayari iko mahkamani hawaigusi. Na kama kuna aliyekuomba chochote hiyo ni rushwa, peleka ZAECA, ile mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar.

Mie yalinikuta ya leseni, ofisi siitaji. Kilichoniokoa ni karatasi tu, kila barua niliyopeleka nlibaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, walivodai hawajawahi kuniona nkawatolea. Kwa hiyo weye risiti zako za banda toa kopi leo hii, na hilo ombi la mdomo ulompa yule karani liandike upya, ugongewe muhuri. Sheha, kiongozi wa shehia yako, anajua?