Je, kipimo cha moyo kinatia umeme mwilini?

SWALI: Shikamoo daktari. Juzi nilipimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), nikabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Nilitetemeka muda wote nikiogopa kupigwa shoti. Umeme ule hauna madhara? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Pole kwa hofu. Umeme uliochorwa kwenye ile karatasi ni wako mwenyewe. Mashine husikiliza tu. Chembe za sodiamu na potasiamu zinapopenya kuta za seli za moyo huzaa umeme, nao ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Betri ya tochi ina volti 1.5!

Wagonjwa wangu huwa nawasimulia habari za Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyebuni mashine ya ECG. Zama zake mtu alitumbukiza mikono na mguu wa kushoto katika ndoo za maji ya chumvi ndipo mchoro upatikane. Mwaka 1924 akatunukiwa Nobeli.

Moyo una hata usumaku, dhaifu mno kuliko wa dunia. Wanasayansi Baule na McFee waliunasa Marekani mwaka 1963, kwa koili za waya za mizunguko kama milioni 2.

Ila kutetemeka huchafua mchoro. Safari ijayo omba shuka ujifunike, upumue taratibu.