Maswali ya hataza: Usichokiandika siku ya kwanza hukipati kwa kugawa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kugawa ombi la hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) au kuliendeleza. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine.

Shikamoo mzee. Nina karakana Pongwe. Mashine yangu inakwangua majani ya mkonge, kisha inakamua makapi ili maji yarudi kuoshea nyuzi. Mkaguzi ameandika kwamba ombi langu moja lina vumbuzi mbili. Ndiyo nimekataliwa?

Marahaba. Hujakataliwa. Ombi moja hubeba uvumbuzi mmoja, au kadhaa zilizofungwa na wazo moja. Korona yako, yaani mashine ya kukwangua majani, ni wazo. Kukamua makapi na kurudisha maji ni wazo lingine, ambalo mtu anaweza kulifunga hata kwenye korona usiyoiunda wewe. Mkaguzi hawezi kukagua mara mbili kwa ada ya ombi moja.

Utachagua lipi libaki kwenye ombi mama na lipi litoke kuwa ombi la mgawanyo. Litakalotoka litabeba tarehe ileile ya mama yake, na kama ulidai kipaumbele, yaani tarehe ya ombi lako la awali zaidi, nacho kitahamia. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Paris wa mali za viwandani, Ibara ya 4G, na nchi yetu imo katika mkataba huo tangu 1963. Ibara hiyohiyo inakuruhusu kugawa hata kwa hiari yako, mkaguzi asiposema neno, ila kila nchi huweka masharti yake.

Angalia mambo mawili. Barua ya mkaguzi ina siku ya mwisho ya kujibu, na siku hiyo haisubiri msimu wa mvua wala harusi. Halafu kila ombi lina ada zake, za kuwasilisha na za kila mwaka. Ukigawa ombi la Ulaya, utadaiwa hata ada za miaka iliyokwisha kupita tangu ombi mama.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Mafundi wengi wangeshikilia korona na kuyaacha makapi. Mimi ningefikiri mara mbili. Katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi, na kila shamba kuanzia hapa hadi Korogwe linajua adha yake. Huenda ombi la mgawanyo ndilo litakalokulisha.

Tangu niwasilishe ombi nimebuni kikaushio cha sola cha kuunganisha na mashine ileile. Nakiingiza kwenye ombi la mgawanyo? (Muheza)

Hapana. Chukua doti ya kanga, ikate katikati, upate vipande viwili. Mkasi haukuchorei ua ambalo halikuwamo. Mgawanyo ni huo: madai yote ya ombi jipya, yaani sentensi zinazotaja unachotaka kilindwe, lazima yapate mizizi katika maelezo na michoro uliyowasilisha siku ya kwanza. Kikaushio hakimo, basi kinahitaji ombi lake, lenye tarehe yake, na uliwasilishe kabla hujamwonyesha mtu.

Marekani wana ombi la mwendelezo, lenye maelezo yaleyale ya mama na madai mengine, na pia wana mwendelezo wa sehemu, unaokubali kuongeza jambo jipya. Lakini jambo hilo linapata tarehe mpya, huku miaka 20 ya hataza ikihesabiwa tangu ombi la zamani. Unapewa kitu kipya chenye umri uliokwisha kuliwa. Kwa kikaushio kinachosimama chenyewe, ombi jipya kabisa ni bora.

Hapa ndipo ninapopaza sauti kila mwezi. Naletewa maelezo ya kurasa 3, mchoro mmoja wa kalamu ya risasi, na dai moja refu. Miaka miwili baadaye mwenyewe anakuja kutafuta cha kugawa, na hakuna. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kwanza andika kila sura ya uvumbuzi wako: ukiendeshwa kwa dizeli, kwa umeme, kwa mkono, visu vikiwa vinne, vikiwa kumi na viwili, jani fupi na jani refu, mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa unaofanya kazi. Andika hata njia usiyoipenda, maana ndiyo mshindani atakayoifuata ili akukwepe. Karatasi ya ziada siku hiyo ni bei rahisi kuliko yote utakayolipa baadaye.

Hataza yangu ya Marekani imetoka mwezi uliopita. Nataka sasa kuwasilisha ombi la mwendelezo. (Korogwe)

Kama huna ombi jingine la ukoo huohuo ambalo bado liko hai, umechelewa. Mwendelezo huwasilishwa wakati ombi mama halijamalizika, na hataza ikishatoka mlango umefungwa. Ulipopata barua ya kukubaliwa ukadaiwa ada ya kutolewa hataza, pale ndipo ulipotakiwa kuuliza. Wenye maombi ya Ulaya nao washike hili: siku ya mwisho ya kugawa ni siku moja kabla ya tangazo la hataza kuchapwa katika jarida lao.

Rafiki yangu aliyeko Ujerumani ananishauri niwasilishe mwendelezo Ulaya.

Ulaya hakuna mwendelezo. Kuna mgawanyo, na huko unaweza kugawa kwa hiari maadamu ombi mama liko hai. Mwaka 2010 waliweka kikomo cha miezi 24, wakakiondoa tarehe 1 Aprili 2014, kwa hiyo makala ya zamani inayokutisha na miezi hiyo iweke kando. Mwendelezo ni utaratibu wa Marekani. Usiutafute ARIPO pia, shirika la hataza la kikanda la Afrika.

Je, kila ombi la mwendelezo linaniongezea miaka 20 mingine?

Hapana, na aliyekuambia hivyo amekaa na habari za kabla ya 1995. Wakati ule hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, si tangu kuombwa. Mwenye subira aliweza kuendeleza ombi lake kimyakimya, viwanda vikakua, ndipo hataza inaibuka kutoka kilindini kama nyambizi na kila mtu anadaiwa. Jerome Lemelson aliwasilisha maombi mwaka 1954 na 1956, na kutokana na hayo zikaja hataza zilizotumiwa kudai fedha kwa wenye mashine za kusoma msimbo wa mistari ulio kwenye bidhaa za dukani. Mahakama iliona ucheleweshaji wa miaka 18 hadi 39 hauna sababu ya haki, ikaamua mwaka 2004 kwamba madai hayo hayatekelezeki, na mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 2005. Lemelson mwenyewe alifariki 1997.

Tangu tarehe 8 Juni 1995 Marekani nayo huhesabu miaka 20 kuanzia ombi la mwanzo kabisa unalolitegemea. Mtoto na mjukuu wanakufa siku moja na babu.

Kwa nini basi kampuni kubwa zinaendeleza maombi mara kumi? (mwanafunzi, Chumbageni)

Ombi likiwa hai, madai yanaweza kuandikwa upya. Kampuni inaangalia mshindani ameingiza nini sokoni, kisha inaandika dai linaloikamata bidhaa ile, mradi maelezo ya mwanzo yanaliunga mkono. Naona ni ubabe wa wenye fedha, ingawa sheria inauruhusu. Tangu Januari 2025 Marekani inatoza nyongeza ya dola 2,700 ukiendeleza baada ya miaka 6 tangu ombi la mwanzo, na dola 4,000 baada ya miaka 9, wadogo wakipunguziwa. Fundi wa Ngamiani asiige mchezo huu. Mwendelezo mmoja wenye sababu unatosha.

Mashine yangu ilishaonyeshwa Saba Saba mwaka juzi, na sijawasilisha ombi. Ombi la mgawanyo litanisaidia?

Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi nalijibu. Hujawasilisha ombi lolote, unagawa nini? Hata Marekani, inayomvumilia mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe, humvumilia mwaka 1 tu. Ulaya, banda la maonyesho ya biashara kama lile halina msamaha. Wasilisha kwanza, banda baadaye. Na kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ni banda.

Ombi langu la mgawanyo la BRELA linanilinda Unguja?

Halikulindi. BRELA ni wakala wa Bara; Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA.

Mimi na kaka yangu tuna hataza mbili za Marekani zilizotoka katika ukoo mmoja. Ya pili ilikubaliwa baada ya wakili kuweka hati ya kuacha muda unaozidi ule wa hataza ya kwanza. Kaka anataka kuuza ya pili, mimi nibaki na ya kwanza. (Pangani)

Mzuie kaka yako leo. Hati ile huwekwa pale mkaguzi anapoona madai ya pili ni yaleyale ya kwanza kwa sura nyingine kidogo, na ina sharti: ya pili inatekelezeka tu wakati zote mbili ziko kwa mmiliki mmoja. Akiuza moja, mnunuzi amenunua karatasi. Uzeni zote pamoja, au bakini na umiliki na mumpe leseni. Kama mkataba umekwisha sainiwa, njooni na nakala yake kabla fedha hazijapokelewa.