Jetski ilitugonga ubavuni, sasa wanataka nisaini karatasi tumalizane. Nifanyeje?

SWALI

Habari za kazi wakili, samahani kwa maelezo marefu. Jumapili tulikuwa watu sita kwenye boti ya rafiki wa mume wangu tunatembeatembea tu, ikatokea jetski ya kukodi upande wetu wa kulia ikaja ikatugonga ubavuni. Mimi nilirushwa nikapiga kichwa kwenye chuma, mdogo wangu wa kiume akadondoka majini akanywa maji mengi kabla hatujamtoa. Hatukuita mtu, tulirudi wenyewe. Leo ni Alhamisi, kichwa bado kinauma na mdogo wangu anakohoa. Mwenye zile jetski kaja na karatasi, anasema atalipia matibabu na ubavu wa boti mradi nisaini tumalizane, tena anasema yule kijana aliyekodi alisaini fomu kwamba hatari zote ni zake kwahiyo yeye hana kosa. Alafu kuna mtu wa bima kanipigia anataka nimweleze yote huku ananirekodi. Rafiki yetu mwenye boti anaogopa, anatuomba tusiende popote. Boti inaingia kwa fundi Jumamosi. Nianzie wapi, na pale majini tulikosea nini?

JIBU

Dada pole sana. Kabla ya sheria nendeni hospitali wote wawili, na nasema leo, msingoje kesho. Ukigonga kichwa damu inaweza kuvuja kidogokidogo ndani ya fuvu kwa siku kadhaa, hata wiki, mtu anaendelea na shughuli zake anadhani ni maumivu ya kawaida. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, unatapika, unasinzia kuliko kawaida, unaona vitu viwiliviwili au mkono mmoja unaishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Mdogo wako naye maji yameingia kifuani, na kikohozi cha siku ya nne kinaweza kuwa maambukizi kwenye mapafu, kwahiyo kama ana homa, kifua kinabana au anahema kwa shida asibaki nyumbani. Mwambieni daktari wazi kwamba ni ajali ya boti ya Jumapili, mmoja alipiga kichwa kwenye chuma na mwingine alikunywa maji, muombeni aandike hivyohivyo kwenye faili. Hilo faili baadaye ndilo litakalosema kwamba maumivu yenu yametokana na ajali hii, maana siku nne bila daktari upande wa pili watazitumia, watauliza mbona hukuumwa Jumatatu.

La pili, pigeni simu hiyo boti isiguswe na fundi. Hapa ndipo watu wanapoteza kesi nzuri kabisa na mimi nimeshaliona hilo, mteja kaja na kila kitu isipokuwa boti imeshazibwa na kupakwa rangi, tukabaki na maneno ya huyu dhidi ya maneno ya yule. Gari likigongana barabarani kuna alama za tairi na vioo vimelala palepale, majini hakuna alama, mawimbi yakipita ndani ya dakika moja ni kama hakuna kilichotokea. Kilichobaki ni ile bonyeo kwenye ubavu wa boti, urefu wake kutoka usawa wa maji, mikwaruzo imeelekea mbele au nyuma, rangi ya jetski iliyoachwa pale, na mtaalamu akivisoma hivyo anaweza kukwambia iligonga kwa pembe gani na ipi ilikuwa na mwendo mkubwa. Pigeni picha za karibu na za mbali na rula pembeni, ndani na nje. Kama boti ina GPS ya ramani usiizime-zime wala kufuta kitu, njia mliyopita na spidi yenu mara nyingi imehifadhiwa mle lakini kumbukumbu ikijaa inaanza kufuta za zamani, kwahiyo ihamishwe mapema. Simu za wote sita pia, video, picha, hata meseji za WhatsApp mlizotumiana jioni ile, kila mtu atunze za kwake na asipost chochote mtandaoni. Picha moja umecheka kwenye sherehe Jumamosi itakuja kuonyeshwa kwamba kichwa chako kilikuwa kizima.

Upande wa mwenye jetski atumiwe barua, na wakili akiandika ina uzito zaidi, kumtaka asitengeneze, asiuze wala asibadilishe chochote kwenye hiyo jetski, na atunze fomu ya kukodi, rekodi ya matengenezo na data ya kifaa cha kufuatilia kama alikifunga, wakodishaji wengi wanavifunga.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo watu hawalijui na linaweza kubadilisha kesi yako. Jetski haina usukani wa chini kama boti ya kawaida, inakata kona kwa kuelekeza maji yanayosukumwa nyuma na pampu, maana yake ukiachia gesi maji yanakata na uwezo wa kukata kona unapotea karibu wote, inaendelea kwenda mbele ilikokuwa inaelekea hata ukizungusha mikono mpaka mwisho. Mtu mgeni akiona boti mbele yake kitu cha kwanza anachofanya ni kuachia gesi na kuzungusha, yaani akili yake inamtuma kufanya kitu ambacho kitamgongesha, na baadhi ya mashine mpya zimewekewa mfumo wa kupunguza tatizo hilo ila siyo zote. Kwahiyo swali langu la kwanza kwa mkodishaji lisingekuwa kijana alisaini nini, lingekuwa alifundishwa nini, kwa dakika ngapi, na nani, na je aliambiwa hili la gesi? Kama alipewa funguo na laifu jaketi akaambiwa haya nenda, huo ni uzembe wa mkodishaji mwenyewe.

Na ile fomu anayoitaja isikutishe. Fomu ya kukubali hatari ni makubaliano kati ya mkodishaji na aliyekodi, wewe hukuwa sehemu yake, hukuisoma, hukuisaini, haiwezi kukunyang'anya haki yako. Hata kati ya hao wawili, sheria za nchi nyingi haziruhusu mtu ajivue uzembe mkubwa kwa karatasi.

Hapa lakini nitakwambia kitu ambacho pengine hukutaka kukisikia, jetski ilitoka upande wenu wa kulia. Kuna Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, na hata maziwa na mito yenye kanuni zake mara nyingi inafuata mtindo uleule. Kanuni ya 15 inasema vyombo viwili vya injini vikikatizana njia, yule anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayetakiwa kumpisha. Yaani kwa kuangalia harakaharaka, nyie ndio mlitakiwa kupisha. Ila haiishii hapo, maana huyo mwenye haki ya kupita naye analazimika kushika mwelekeo na spidi yake, na kama alikuwa anazungukazunguka na kukata vimduara hiyo kanuni ya kukatizana haimkai vizuri, na yeye pia ana wajibu wa kuangalia mbele muda wote (Kanuni ya 5) na kwenda kwa mwendo salama (Kanuni ya 6). Rafiki yenu naye ataulizwa alikuwa anaangalia wapi. Kwa uzoefu wangu kesi kama hii haiishi na mmoja kubeba kosa lote, inagawanywa, na ndivyo sheria za majini za nchi nyingi zilivyo tangu Mkataba wa Brussels wa 1910 kuhusu migongano ya vyombo vya majini, kila upande unabeba kwa kiasi cha kosa lake. Wewe na mdogo wako mlikuwa abiria, hamkushika usukani, kosa la nahodha wenu haliwi kosa lenu, na mnaweza kudai pande zote mbili.

Ndio maana rafiki yenu anaogopa, na namuelewa. Ila kudai siyo kumchukia, kama boti ina bima inayolipa walioumia ni bima hiyo itakayolipa, aliilipia kwa ajili ya siku kama hii. Tena akikaa kimya anajiumiza mwenyewe, maana bima nyingi zina sharti la kutoa taarifa mapema, akichelewa wanaweza kumkataa ndipo deni lirudi kwenye mfuko wake. Mtume mume wako aongee naye kwa upole, kesho ikiwezekana.

Karatasi usisaini. Siyo kwamba anayeileta lazima ni mbaya, ila maneno ya karatasi hizo huwa ni kwamba umepokea malipo kamili na hutadai tena chochote kutokana na ajali hii, sasa wewe bado hujui kichwa kina nini, utakuwa umeuza kitu ambacho hujakipima. Akitaka kulipa bili ya hospitali kwa moyo wake apokelewe, mpe risiti inayosema wazi ni malipo ya sehemu na madai mengine yapo palepale, na hiyo risiti wakili aione kwanza.

Mtu wa bima muulize kwanza ni bima ya nani. Kama ni ya upande wa jetski huna wajibu wa kurekodiwa, mpe jina lako na namba ya wakili basi, sema kwa adabu utajibu kwa maandishi. Ukirekodiwa na kichwa kinauma utasema "niko sawa tu" kama watu tunavyosema, na hilo neno litakufuata mpaka mahakamani. Kama ni bima yako mwenyewe au ya boti mliyokuwamo hapo ushirikiano unaweza kuwa sharti la mkataba, jibu, lakini sema ulichokiona tu, usikisie spidi wala umbali, na usiseme samahani tulikosea sisi.

Ripoti ya ajali nendeni mkatoe leo au kesho asubuhi kwa mamlaka ya vyombo vya majini au polisi wa majini, maana muda wake ni mfupi mno. Mfano Marekani, mwendeshaji anatakiwa kuripoti ndani ya masaa 48 kama mtu ameumia kupita huduma ya kwanza, kwa hasara ya mali peke yake ni siku 10. Kwenu muda unaweza kuwa tofauti ila kuchelewa na kueleza sababu ni bora kuliko kutokuripoti kabisa. Ukomo wa kufungua kesi nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani, chini ya ule mkataba wa 1910 ni miaka 2 tangu ajali, Marekani madai ya kuumia majini kwa kawaida ni miaka 3, na kuna nchi mwenye chombo anaweza kuiomba mahakama ipunguze dhima yake hadi kiwango fulani. Sheria ya Marekani ya 1851 inaweza kuishusha mpaka thamani ya chombo kilivyobaki baada ya ajali, na jetski iliyovunjika ina thamani gani? Ndio maana nasisitiza wakili anayejua mambo ya majini. Wakili mzuri wa ajali za barabarani anaweza asilione hilo mpaka limechelewa.

Mmeuliza mlikosea nini pale. Kosa kubwa ni kutoita msaada. Kama boti ina redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya majini, ni chaneli 16, mnatamka Mayday (neno la kuomba msaada wa dharura) mara tatu, jina la boti, mlipo, mko wangapi, nini kimetokea, hata kama mnadhani mtaweza wenyewe, maana mkiita na ikaonekana hamhitaji mnawaambia wageuze, na mkiita saa na dakika ya tukio inabaki imeandikwa mahali. Kabla ya hapo ni kuhesabu watu na kuzima injini palepale mtu akiwa majini, kuizima kabisa na siyo kuiweka fri tu, propela ikimpata mtu inakata vibaya sana. Wote wavae laifu jaketi hata waliobaki juu, kwasababu boti iliyogongwa ubavu inaweza kujaa polepole. Mkisikia harufu ya petroli msiwashe injini wala kubonyeza swichi yoyote. Mtu akitolewa majini ambako alikaa kwa muda, hasa maji ya baridi, mtoeni akiwa amelala kama mnaweza na mumlaze, akining'inizwa wima presha inaweza kushuka ghafla akazimia. Asiyepumua anaanza kupuliziwa pumzi ndipo kifua kibonyezwe, maana aliyezama kilichomwangusha ni kukosa hewa. Na msiachane na yule wa jetski bila kubadilishana majina, namba za vyombo na simu, chini ya sheria za majini waliogongana wanalazimika kusaidiana na kujitambulisha.

Mkitoka hospitali kila mtu kati ya wale sita aandike peke yake anachokumbuka, bila kukaa pamoja mkakubaliana, saa ngapi, jua lilikuwa upande gani, mawimbi, nani alikuwa kwenye usukani, nani alikunywa pombe na nani hakunywa, jetski ilionekana kwa mara ya kwanza ikiwa wapi. Wekeni tarehe na saini. Ukienda kwa wakili beba hizo karatasi, faili la hospitali, picha, na ile karatasi ya mwenye jetski ambayo hujaisaini, na muulize kabla ya yote analipwaje, kwa saa au kwa asilimia ya fidia, na mkishindwa gharama za mtaalamu wa boti analipa nani. Na usiku huu mdogo wako akibanwa pumzi msingoje kupambazuke.