Maswali ya Wasomaji: Msaada Unaopotea Mtandao Ukikatika

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari wilayani Kasese. Maabara yetu ina kompyuta 12 za Windows, na zote zina LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupangia hesabu, kwa kuwa shule haina fedha za leseni. Mwanafunzi akibonyeza F1 ili aelezwe jinsi ya kupanga jedwali, kivinjari hufunguka na kusema kwamba hakuna mtandao. Hulazimika kununua bando na kuwagawia mtandao kutoka kwenye simu yangu. Je, watengenezaji walisahau kuweka msaada ndani ya programu, au sisi ndio tuliokosea?

JIBU: Pole, Mwalimu. Hamkukosea, na watengenezaji nao hawakusahau. LibreOffice hutolewa kwa lugha nyingi, na msaada wa kila lugha ni kurasa nyingi sana, hivyo kuzibeba zote pamoja kungeifanya programu iwe nzito bila sababu. Ndiyo maana kwa Windows msaada ni faili la pekee linalopakuliwa kando, na asiyelipakua hupelekwa kwenye tovuti kila anapobonyeza F1.

Kwanza fungua sehemu ya kuihusu programu katika menyu ya msaada, uandike namba ya toleo lenu, kisha uende na flashi mahali penye mtandao. Kwenye ukurasa wa kupakulia LibreOffice, karibu na faili la programu, utaona faili la msaada, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na programu yenyewe. Chagua lugha, hakikisha toleo ni lile lile uliloandika, kisha ulisakinishe kwenye kompyuta zote 12. Kivinjari bado kitafunguka ukibonyeza F1, lakini usishtuke: tazama anwani iliyo juu, utaona inaanza na neno «file», maana yake ukurasa unasomwa kutoka kwenye diski ya kompyuta hiyo hiyo na bando lako haliguswi.

Kama mnatumia pia GIMP, programu ya kuhariri picha, mwongozo wake nao husakinishwa kando, na katika mapendeleo yake mtachagua usomwe kutoka kwenye kompyuta badala ya mtandaoni.

Nikiri kwamba msaada wa mtandaoni una faida ya kweli, kwa sababu kosa likigunduliwa leo huweza kusahihishwa leo. Hata hivyo, mara nyingi hueleza toleo jipya kabisa, na mwanafunzi wako huishia kutafuta kitufe ambacho kwenye kompyuta yake hakipo, ilhali msaada uliosakinishwa pamoja na programu hulingana na kile anachokiona. Tena sisi wa Uganda tunaujua vizuri uzito wa kutegemea mtandao: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na tangu Julai mwaka huo bando tunalonunua linatozwa ushuru wa asilimia 12. Ninaamini kwa dhati kwamba maelezo ya programu ni sehemu ya programu, na anayestahili kuipata bure anastahili kuyapata maelezo hayo pale pale alipo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Gulu, natengeneza programu huria ya kuweka hesabu za vikundi vya akiba. Mwongozo wake niuweke kwenye tovuti tu, au niufungashe pamoja na programu?

JIBU: Ndugu yangu, fanya yote mawili, wala hutaandika mara mbili. Weka maandishi ya mwongozo katika hazina moja na msimbo wako, yaani pale pale unapohifadhi programu unayoiandika, kisha utumie chombo cha kutengenezea miongozo kama Sphinx, kilichotoka mwaka 2008 kwa ajili ya miongozo ya Python, lugha ya kuandikia programu. Maandishi hayo hayo hukupa kurasa za tovuti, PDF ya kuchapisha, na kurasa za kufungasha ndani ya programu. Mtego mmoja huwanasa wengi: kurasa zilizofungashwa huweza kuwa zinavuta fonti au picha kutoka mtandaoni kimyakimya, na kwako zinaonekana sawa kwa sababu wewe una mtandao. Kabla ya kutoa toleo, zima data, chomoa waya, kisha ufungue ukurasa mmoja baada ya mwingine na ujaribu kutafuta neno moja ndani yake.